Mji Ambao Gosbert Hakuutaja

Alhamisi ile Marsiana alipima gunia moja la mchele mara mbili, na mara zote mbili mzani ukampa jibu tofauti. Hapo akajua kosa si la mzani. Akamwachia mdogo wake, Siwema, meza yao ya mchele pale Kibaoni, akarudi nyumbani kuoga, akavaa gauni la bluu, akalivua, akavaa jekundu, kisha akalirudia lile la bluu. Saa nane alitakiwa awe mgahawani karibu na daraja la mto Kilombero. Ilikuwa saa saba kasoro, na tayari amekaa kitandani, viatu miguuni, fomu ya viza mapajani, moyo ukimdunda kama wa mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo.

Fomu alikuwa ameijaza karibu yote. Jina, Marsiana Fidel. Kazi, mfanyabiashara wa mchele. Umri, miaka ishirini na tisa, ambao kwao Ifakara ni umri wa kuulizwa maswali. Zilibaki nafasi mbili tu: nchi anayokwenda, na mahali atakapolala. Miadi yake ya viza Dar es Salaam ilikuwa Jumanne. Gosbert, mpenzi wake, alikuwa anarudi Ujerumani Jumapili. Kwa hiyo leo, juu ya sahani ya samaki, ilikuwa lazima wachague nchi ya kwenda Ulaya.

Mpango ulikuwa wa Gosbert. Miaka mitatu nyuma alikuwa kijana wa mradi wa utafiti wa malaria, anayepita nyumba kwa nyumba kutega mitego ya mbu. Alitega kwao Marsiana usiku sita, na asubuhi ya saba alikuja bila mtego. Mwaka huohuo akapata nafasi ya kwenda kusoma shahada ya pili Leipzig, Ujerumani. Tangu hapo mapenzi yao yalikaa ndani ya simu. Mwezi wa pili mwaka huu alimwambia kwamba anapata likizo ya wiki mbili mwezi wa nane, wakati wa joto huko Ulaya, na kwamba amechoka kumwona kwa vipande, mara paji la uso, mara bega. Waweke fedha pamoja, wachague mahali panapolingana na mfuko wao, wakapumzike kama watu. Marsiana, ambaye mbali kabisa alikowahi kufika ni Kariakoo na magunia yake, hakulala vizuri wiki nzima kwa furaha.

Kisha Gosbert akaja mwenyewe, kwa ajili ya harusi ya dada yake, Angelina, iliyofungwa Jumamosi iliyopita kule Mbingu. Na tangu alipofika, ile furaha ilikuwa imeingiwa na mchanga. Alikuwa amekonda. Alicheka kwa kuchelewa, kama mtu anayesubiri kutafsiriwa. Marsiana aliukumbuka hasa wakati ule ukumbini mshereheshaji aliposema asimame Dokta Gosbert, msomi wa Mbingu, atoe neno kwa bibi harusi. Watu wakapiga vigelegele. Gosbert alikawia kitini, ndipo akainuka, akapunga mkono mara moja, akakaa. Neno hakutoa.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Asubuhi ya Alhamisi hiyo baba yake, Mzee Fidel, alikunywa chai yake yote bila kusema, akafuta midomo, ndipo akasema.

"Mimi sina ugomvi na kijana wa watu. Lakini binti hamfuati mwanaume. Mwanaume ndiye anayefuata, na akifuata huja na wazee wake na barua. Hapa kwangu sijaona barua."

Marsiana alimjibu kwa heshima kwamba barua itakuja. Mzee akamuuliza itatokea wapi, kwa kuwa mwenye kuiandika yuko nchini wiki ya pili sasa na amepita hapo mara moja tu, akasema shikamoo na kuomba maji ya kunywa. Shangazi yake, Katarina, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni, alingoja kaka yake atoke, kisha akasema bila kuinua macho kwamba yeye hamzuii mtu kusafiri. "Ila mwanamke anayependwa hupelekwa nyumbani, mwanangu. Hatembezwi hoteli kwa hoteli."

Maneno hayo ndiyo aliyokuwa nayo kichwani alipopanda bajaji kuelekea mtoni.

*

Gosbert alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa amechagua meza ya ukingoni, chini ya paa la bati, mahali pa kuonea maji. Aprili hiyo mto ulikuwa umejaa hadi kwenye majani, rangi ya chai ya maziwa, na mawingu yalikuwa yameinama upande wa Mahenge. Alipomwona alisimama, akamvutia kiti, na kwa muda mfupi kabla hawajakaa walitazamana kama wanavyotazamana watu waliozoeana kwenye kioo cha simu na ghafla kila mmoja akakuta kwamba mwenzake ana urefu, ana joto, ana harufu ya sabuni. Marsiana alisahau baba yake na shangazi yake. Alitamani aguse lile kovu dogo kwenye nyusi. Akaishia kuweka mkoba wake mezani.

"Umevaa lile la bluu," Gosbert alisema.

"Ulisema ni zuri."

"Nilikuwa sijaliona lote."

Waliagiza samaki aina ya kitoga, wa kuchemsha, na ugali. Gosbert akatoa daftari. Alikuwa amefanya kazi yake vizuri, hilo Marsiana alilikubali. Kila mahali pamepewa ukurasa wake, nauli, malazi, chakula, na chini ameweka jumla kwa shilingi. Akamweleza kwamba siri ya Ulaya wakati wa joto ni kuwakimbia Wazungu wenyewe, maana mwezi wa nane wote wanahamia baharini na bei zinapanda nao. Visiwa vya Ugiriki, vile vyenye nyumba nyeupe ambazo Marsiana alizipenda kwenye picha, vilikuwa vinameza fedha yao yote kwa siku tano. Lisbon, Ureno, pana upepo mzuri na samaki wa kuchoma, lakini vyumba vya katikati ya mji vimepanda, ingebidi walale mbali na kupanda treni kila asubuhi. Krakow, kule Poland, ilikuwa nafuu karibu kwa kila kitu, majengo ya zamani, makanisa ambayo Mzee Fidel angefurahi kuyasikia. Halafu kulikuwa na Bulgaria, pwani ya Bahari Nyeusi. Hapo, alisema, fedha yao ingetosha siku kumi na mbili na wangebakiza.

Marsiana alisikiliza, akauliza, akacheka. Aliuliza kama Bahari Nyeusi ni nyeusi kweli. Aliuliza watu wa Krakow wanakula nini, na alipoambiwa viazi, akasema basi mchele wake ungepata soko. Kwa nusu saa aliona kila kitu: yeye na mtu huyu kwenye barabara ya mawe, wanabishana njia, hakuna anayewajua. Raha ilimjaa mpaka ikawa kama maumivu.

Aliyachukua mahesabu ayatazame mwenyewe. Fedha ilikuwa karibu nusu kwa nusu, na nusu yake ilitokana na misimu mitatu ya kununua mpunga Kiberege na Mkula kwenye matope. Macho yake yalishuka kwenye safu ya malazi. Kote malazi ndiyo yaliyokula zaidi.

"Na Leipzig?" aliuliza.

"Leipzig vipi?"

"Kulala Leipzig ni kiasi gani?"

Gosbert alitabasamu. "Leipzig hakuna bahari, Marsi."

"Sijauliza bahari."

"Nakuona unataka kunifanya nitumie likizo yangu nikitazama kuta zilezile."

"Kuta ambazo umeshazilipia. Kitanda kipo. Jiko lipo, nitapika. Wiki mbili zote tutakuwa tunalipa nauli yangu tu. Wewe umenichorea nchi nne, Gosbert, na ile iliyo rahisi kuliko zote hukuiandika."

Alisema sheria za bweni ni kali. Marsiana akamkumbusha kwamba mwaka jana alimwambia amepanga chumba na rafiki yake Mhabeshi, si bweni. Akasema huyo rafiki hapendi wageni. Halafu akasema mwezi wa nane wanapaka rangi. Alitoa sababu tatu kwa pumzi moja, na kila moja ilikuwa inaisukuma nyingine nje ya mlango.

Katika biashara yake Marsiana alikuwa amejifunza jambo moja kwa hasara. Mtu akikuonyesha magunia yote ya ghalani na akasimama mbele ya moja, hilo moja ndilo la kufungua. Samaki aliletwa, mvuke ukapanda kati yao, na hakuna aliyenawa.

"Anaitwa nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Anayelala hapo."

Gosbert alimtazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu wakae. "Hakuna mtu, Marsiana. Naapa kwa baba yangu aliye kaburini. Hakuna mwanamke yeyote."

Na Marsiana akamwamini. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwa sababu macho yale yalikuwa yanasema kweli na kuficha kweli kwa wakati mmoja, na kama si mwanamke, hakujua ni kitu gani cha kupigana nacho. Alimngojea aendelee. Gosbert aligeuza daftari, akalifunga, akalifungua tena kwenye ukurasa wa Bulgaria.

Marsiana akachukua mkoba wake. Alimwambia kwamba yeye ameshagombana na baba yake kwa ajili ya safari hii, na yuko tayari kugombana tena, lakini si kwa ajili ya mtu anayemficha mlango wa nyumba yake. Akamwomba radhi mhudumu kwa chakula kilichobaki, akatoka.

*

Bajaji hakuna hata moja. Manyunyu yalikuwa yameanza. Badala ya kuelekea mjini miguu ilimpeleka upande wa daraja, labda kwa kuwa mtu mwenye hasira hutaka njia ndefu iliyonyooka. Alikuwa amefika karibu katikati, malori yakipita na kutikisa sakafu chini yake, alipomsikia nyuma akimwita. Hakusimama. Gosbert akamfikia, akatembea sambamba naye, hakumgusa.

"Siishi Leipzig," alisema.

Marsiana akasimama.

Yaliyofuata Gosbert aliyasema akitazama maji. Alishindwa mtihani mmoja mwaka wa kwanza, akaurudia, akashindwa tena, na huko ukishindwa hivyo jina linafutwa chuoni. Hiyo ilikuwa mwaka mmoja na miezi minne iliyopita. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu. Alipanga kumpigia simu jioni, na jioni ile Marsiana akampigia yeye kwanza, akimweleza jinsi mama yake Gosbert alivyokuja Ifakara kununua kitambaa na kuwaambia wanawake wote pale dukani kwamba Marsiana ndiye mkwe wake, mchumba wa dokta. Akashindwa kusema. Kesho yake ikawa ngumu kuliko jana yake, na wiki iliyofuata ngumu zaidi. Ili asirudishwe nyumbani alitafuta mafunzo ya kazi, akapokelewa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mji mdogo unaoitwa Torgau. Hapo anasoma na kufanya kazi. Anawalisha wazee, anawavisha, anawaogesha. Anakaa kwenye bweni la wafanyakazi, chumba kimoja chembamba, jiko la watu wanane.

"Nilitaka ukija uione Ulaya," alisema. "Usinione mimi nikitoka zamu nanuka dawa."

Mvua ilikuwa imewalowesha. Marsiana alishika ukuta wa daraja. Hasira aliyoitegemea ilikuja, lakini ilikuja kutoka upande mwingine.

"Unafikiri nitachukia kwamba unaogesha wazee?"

"Sikujua utachukia nini."

"Mwaka na miezi minne, Gosbert. Nimekuwa nikiuliza mtihani umeendaje. Nimekuombea novena za mtihani. Ulikuwa unaniacha nipige magoti kwa ajili ya mtu ambaye hayupo."

Alijaribu kusema samahani na Marsiana akamkatiza. Akamwambia kwamba Beatus, yule mhasibu wa mashamba ya miwa Kidatu, alileta wazee wake kwa baba mwaka jana, na yeye alimkataa mbele ya ukoo mzima kwa kusema ana mtu anayemwambia kila kitu. Hayo ndiyo maneno aliyotumia. Anayeniambia kila kitu. Gosbert aliinamisha kichwa, maji yakamtiririka puani, hakuyafuta.

Lori jingine likapita. Kisha, bila kujua kwa nini anauliza, Marsiana akamuuliza hao wazee wakoje.

Mwanzoni alijibu kwa kifupi. Halafu akamtaja mmoja, bwana mmoja wa miaka tisini na moja aliyekuwa mfugaji. Kila alfajiri mzee huyo huamka na hofu, huuliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Wauguzi wengine humweleza kwamba hana ng'ombe tena, aliuza zamani, na yeye hulia upya kila siku kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Gosbert humwambia wamekamuliwa wote, yule mwenye baka jeupe ametoa zaidi. Mzee hutulia, hukubali kunyolewa. Siku ambazo Gosbert hayupo zamu, hakubali. Akaeleza jinsi ya kumgeuza mtu kitandani bila kumwumiza nyonga, jinsi ya kupima joto la maji kwa kiwiko, na jinsi alivyofaulu mitihani yake yote huko, wa pili darasani, akiwa hana hata wa kumwambia.

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Kucheka kwa kuchelewa kulikuwa kumeondoka. Marsiana alimtazama usoni na kumwona, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi, yule kijana wa mitego ya mbu aliyemweleza bibi yake Marsiana habari za mbu jike kwa upole kama anasimulia hadithi. Moyo wake ulimwendea. Akauzuia.

"Mama yako anajua?"

"Hajui mtu."

"Basi kesho twende Mbingu."

"Marsi, amemaliza kuozesha binti juzi. Ana furaha. Nikishaondoka Jumapili, nitampigia simu nimweleze taratibu."

"Kwa simu hapana. Simu ndiyo iliyotufikisha hapa."

Gosbert alimuuliza kama, yeye akimweleza mama yake, Marsiana atakubali kuja Torgau. Marsiana alisema hajui. Alikuwa anasema kweli. Walirudi wakiwa wamelowa, kila mtu kwa bajaji yake, na ile fomu ilikuwa imepata maji kwenye kona.

*

Ijumaa asubuhi Gosbert alimpitia kwa pikipiki ya shemeji yake, Emanuel, mume wa Angelina. Barabara ya Mbingu ilikuwa na matope ya kuteleza, na mara mbili ilibidi Marsiana ashuke aoneshe njia ya kupita. Hakumshika kiunoni. Alishika chuma cha nyuma, na kila waliporuka shimo alijilaumu kwa kiburi chake, lakini hakuachia.

Walimkuta mama yake Gosbert, Mama Stefania, ndio kwanza ametoka shambani kufukuza ndege kwenye mpunga. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Marsiana alimpa shikamoo kwa kupiga goti, naye akaitikia marahaba mwanangu kwa furaha, akamwinua, akaanza kuuliza kama wamekula. Turubai la harusi lilikuwa bado limekunjwa barazani. Gosbert akamwomba mama yake aketi. Aliposikia sauti ile, mama aliketi.

Alimweleza yote. Hakupamba, hakujitetea, na alipofika kwenye neno la kuogesha alilisema wazi. Marsiana alikaa mkekani akitazama mikono ya mama. Ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, na haikusogea hata kidogo.

Alipomaliza, jirani alipita na kusalimia, na mama akamwitikia vizuri kana kwamba hakuna kitu. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Juzi walikuita dokta ukasimama."

"Nilisimama, mama."

"Na mimi nikapiga kigelegele." Alitikisa kichwa taratibu. "Hapo ulinionea."

"Nilikuonea, mama. Nisamehe."

Hakumjibu kuhusu msamaha. Aliuliza hao wazee kule wana watoto. Gosbert akasema wengi wanao. Akauliza wako wapi. Gosbert akasema wako miji mingine, wana kazi, wanakuja siku za sikukuu. Mama akageuza uso, akatazama shambani.

"Na mimi siku ikifika," alisema, "nani ataniogesha?"

"Mimi, mama."

"Ukiwa wapi?"

Gosbert alifungua mdomo, na Marsiana akaona kwamba hana jibu, na kwamba safari hii hajaribu kulitengeneza. Machozi yalimshuka waziwazi. Alisema mafunzo yamebaki mwaka mmoja na nusu. Alisema anataka kurudi nayo kazi hiyo nyumbani, maana wazee wapo hapa pia na wanafungiwa ndani, lakini hajui kama inawezekana, hajui aanzie wapi, na hataki tena kuahidi jambo asilolijua.

"Hilo sasa ndilo neno la mtu mzima," mama alisema. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, kwa hasira kidogo, kama mtu anayefuta vumbi. "Baba yako alikuwa mvuvi wa mtoni. Hakuna aliyemwita dokta, na mimi nilimpenda. Kwa nini ulifikiri nitataka dokta?"

Kisha akamgeukia Marsiana. Alimuuliza alijua lini. Jana, Marsiana akasema. Akamuuliza kama baba yake anajua, na Marsiana akasema bado, na hata bila kulijua hili Mzee Fidel hataki safari, kwa kuwa hakuna barua.

"Ana haki," mama alisema. "Jumapili nakuja Ifakara kumsindikiza huyu. Nitapita kwa baba yako, mimi na kaka yangu mkubwa. Barua tutakuja nayo, na hii habari ya wazee nitamweleza mwenyewe, asije akaisikia sokoni. Akikataa, amekataa akijua." Akamtazama usoni. "Lakini wewe mwanangu sikulazimishi. Mimi huyu nimemzaa, sina pa kumrudisha. Wewe unapo."

Hakuna aliyekuwa amemwambia Marsiana hivyo. Baba yake alimkataza, shangazi yake alimwonya, Gosbert alimsihi. Huyu mama alimfungulia mlango na kukaa pembeni. Marsiana akaomba ruhusa akasaidie kupakua chakula.

Walipoondoka jua lilikuwa limetoka na matope yanaanza kukauka. Nje kidogo ya kijiji Gosbert alipunguza mwendo, akauliza bila kugeuka kama bado ana hasira.

"Bado."

Aliendesha kidogo. "Torgau ni mji wa kawaida tu, Marsi. Kuna ngome ya zamani. Kuna mto, unaitwa Elbe, nao hufurika. Ukiuona mwezi wa nane utafikiri hauna maneno. Hakuna watalii wengi. Ukitaka bado twende Krakow, nitaelewa. Ukitaka tusiende popote, nitaelewa pia."

Marsiana aliwaza Bahari Nyeusi, na mawe ya Krakow, na yeye mwenyewe kwenye picha nzuri ya kuwaonyesha watu Kibaoni. Aliwaza mzee wa ng'ombe. Wasiwasi wa wiki mbili ulikuwa bado unamtembea mwilini. Haukuwa umeondoka, ila sasa ulijua unakokwenda. Pikipiki ikaingia kwenye shimo lililojaa maji, na Marsiana akaachia chuma, akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Tafuta chumba cha kupanga wiki mbili hapohapo Torgau, chenye mlango unaofungwa," alimwambia sikioni. "Nitakuja. Ila na hasira zangu nakuja nazo, uzitengee nafasi."

"Nitazitengea," Gosbert alisema, na safari hii alicheka papo hapo.